Pini Upande wa Kushoto

Jumamosi, 9 Mei

Kosa la watu wengi ni kuitoa karatasi kwenye rimu na kuitia kwenye mashine papo hapo. Karatasi haitaki haraka. Mwezi huu wa mvua hewa ya kisiwani imejaa maji, na karatasi zikilala pamoja hushikana. Mashine huvuta mbili badala ya moja, kitabu hutoka kina ukurasa mmoja mara mbili, na mtu hulaumu mashine. Mashine haina kosa. Karatasi hazikupepetwa.

Nimepepeta tangu saa mbili. Shika kona, kunja kidogo, achia, hewa ipite. Kadzo, fundi wetu wa uchapaji, alinitazama akacheka. "Mwalimu, wazipepea utadhani zina homa." Nikamwambia zina homa kweli, nikamweleza kwa nini. Alishaelezwa. Ana miaka tisa hapa matbaani, anajua kuliko mimi. Lakini mtu aliyesomesha jiografia miaka thelathini na nne haachi kueleza. Ni maradhi.

Kazi inayongoja ni utenzi wa Rukia, mke wangu. Beti tisini na tisa juu ya mamake, aliyekuwa akishona kofia asubuhi na kuwafundisha wasichana kusoma alasiri, humu humu mtaani Kuze. Ameuandika kwa mkono wake, kwa hati za Kiarabu, kama mamake alivyomfundisha. Umemchukua miaka kumi na moja. Karatasi kumi na mbili pamoja na jalada. Nakala mia moja na ishirini.

Alhamisi anapasuliwa jicho la kulia. La kushoto lilizimika mwaka juzi. Presha ya macho. Daktari hakuficha kitu: upasuaji unaweza kukiokoa kilichobaki, unaweza pia kukimaliza. Tukiacha, kitakwisha chenyewe.

Jumatano alasiri wanafunzi wake wa darsa wanakuja nyumbani kumsomea dua, wa sasa na wa zamani. Anataka kila mmoja awe na kitabu mkononi. Nilimwambia naweza kumfungia kimoja kwa mkono, leo leo, akione. Alikataa. "Kimoya n'nacho, daftari langu. Mimi nataka niwaone wao wakisoma. Nyuso zao."

Basi ni Jumatano au pengine si siku yoyote.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu pengine pa kulisema sina.


Jumatatu, 11 Mei

Kadzo amechapa siku nzima. Kurasa zimetoka safi, nyeusi, herufi kubwa. Tumechapa upande mmoja tu wa karatasi, wino usipenye nyuma ukamsumbua msomaji. Ukurasa wa kwanza una Bismillahi na aya mbili. Kadzo ni Mkristo, Mgiriama wa Kaloleni, lakini kabla ya kuushika ukurasa ule alikwenda kunawa mikono. Sikumwambia. Nilijifanya sikuona, nisije nikamweleza kitu.

Saa kumi na moja, ukurasa wa mwisho ulipotoka, mashine ya kuchapa ikatoa harufu ya mpira unaoungua ikanyamaza. Fundi wake yuko Malindi, atakuja Ijumaa. Si neno. Kazi yake imekwisha. Kesho ni zamu ya ile nyingine.

Ile nyingine ndiyo niipendayo. Imesimama kama kabati la kuwekea mikate, trei kumi na mbili, moja juu ya nyingine. Kila trei hupewa ukurasa wake. Ukibonyeza, kila trei huramba karatasi moja, zote hushuka pamoja, husukumwa mabega mpaka zilingane, pini mbili, tak-tak, na kitabu kinalala juu ya wenzake. Kumi vimeelekea huku, kumi vimeelekea kule, uhesabu kwa macho. Wateja husimama mlangoni kuitazama. Hata mimi.

Ina kasoro moja. Hupiga pini kushoto tu. Kwa mitihani ya shule na katiba za vyama ni sawa. Vitabu vya hati zetu hufunguka kutoka kulia. Kwa hiyo karatasi huingizwa kichwa chini: upande wake wa kulia ndio unaokutana na pini. Nimemkumbusha Kadzo jambo hili mara mbili leo. Ya tatu akanijibu, "Mwalimu, hilo hata mwanangu wa darasa la pili analijua."


Jumanne, 12 Mei

Nimeharibu.

Niandike kwa utaratibu. Asubuhi tulikwenda hospitali kwa vipimo vya mwisho. Daktari alinyanyua vidole mbele ya Rukia. Yeye akasema vitatu. Vilikuwa viwili. Njia nzima ya kurudi, ndani ya tuktuk, alikuwa akinisomea mabango ya maduka yaliyo kando ya barabara, moja baada ya jingine. Nilijua anayasoma kwa kumbukumbu. Moja lilishang'olewa tangu Ramadhani.

Nilimwacha nyumbani, nikaja matbaani kichwa kimejaa vidole. Kadzo alikuwa ametoka kwenda kula. Trei zilikuwa bado na mitihani ya shule fulani. Nikaiendesha ikaisha, nikatoa, nikazijaza kurasa za Rukia. Mikono ilifanya vile ilivyofanya nusu saa nzima iliyotangulia. Kichwa juu. Nikabonyeza.

Nilikaa kwenye kiti nikaisikiliza. Tak-tak. Niliona raha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Niliona raha mara mia moja na ishirini.

Kadzo aliporudi akachukua kimoja juu ya rundo. Akakigeuza. Akakigeuza tena. "Mwalimu," akasema polepole, "hichi chafunguka kama cha Kizungu."

Pini zimepita kushoto, na kushoto hatukuacha nafasi. Rukia ameandika kila ubeti mstari mmoja, vipande vinne kutoka kulia kwenda kushoto, na mwisho wa mstari ndipo kilipo kile kina kinachoshika utenzi mzima. Pini zimetoboa vina. Beti mbili kila ukurasa, katika kila nakala.

Kwanza niliilaumu mashine. Kwa sauti.

Kuchapa upya haiwezekani, mashine ya kuchapa imekufa. Nilipiga simu matbaa tatu za mjini. Ya kwanza wana kazi ya harusi. Ya pili, Jumatatu ijayo. Ya tatu, kijana aliyepokea akaniuliza kama utenzi ni kitu cha rangi au cheusi na cheupe. Nikakata.

Kadzo alinyanyua rundo, mguu wake ukaelekea kwenye pipa la mabaki, akasimama mwenyewe. "Hizi haziendi jaani." Ndiyo. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi. Huzikwa, au huchomwa kwa adabu. Nina nakala mia na ishirini ambazo siwezi kuzitumia na siwezi kuzitupa.

Tutazifumua. Kesho alfajiri. Kitabu kimoja kimoja, pini moja moja, kisha tuzifunge kulia. Matundu yatabaki.

Jioni Rukia aliuliza, "Vimetoka vizuri?" Nikasema vimetoka. Akatabasamu, akaniuliza jalada ni jeusi au kijani. Nikasema kijani. Hilo angalau ni kweli.

Nimemdanganya mke wangu siku mbili kabla ya kupasuliwa jicho.


Jumatano, 13 Mei, adhuhuri

Naandika nikiwa nimesimama, Kadzo anakunywa maji.

Tulianza saa kumi na mbili unusu. Kisu kidogo chini ya mguu wa pini, inua, vuta. Karatasi imeshiba unyevu, inachanika kama mkate wa maji. Kufikia saa tatu tulikuwa tumefumua nakala ishirini na tisa na saba tumezichana kabisa. Nilipiga hesabu. Kwa mwendo ule tungemaliza karibu na magharibi. Kadzo naye alikwisha piga hesabu yake.

Saa tatu na robo akaja Bi Hawa kuvichukua vitabu. Huyu ni mwanafunzi wa kwanza wa Rukia, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, mshona kofia, ulimi kama wembe. Alisimama kizingitini.

"Mwalimu, ni vitabu hivyo au mwachambua mtele?"

Kweli tulifanana na watu wanaochambua mchele. Nikamweleza. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilieleza jambo kwa maneno machache. Aligeuka akaenda zake. Hilo lilinitisha kuliko matusi.

Nusu saa baadaye akarudi, Rukia amemshika mkono.

Rukia alinyoosha kiganja. Nikampa nakala ambayo haijafumuliwa. Hakuisogeza karibu na jicho. Aliipapasa ukingoni kwa kidole gumba, kulia kwanza, kisha kushoto, mpaka akazifikia pini.

"Babake Salma," akaniita kwa jina la binti yetu.

"Naam."

"Miaka arubaini na miwili tuko nyumba moya, na hata sasa hujui mlango wangu uko upande upi?"

Kadzo ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Bi Hawa, mpaka akakaa juu ya rimu. Mimi nilitaka kulia, nikacheka pamoja nao.

Nikamwambia lililobaki. Kwamba nilimdanganya jana. Kwamba vina vimetoboka.

"Utenzi mzima waishia *ya*," akasema. "Beti tisini na tisa, *ya*. Nani asiyejua? Chukua makasi uukate huo ukingo wote, watasoma vilevile. Kina kiliwekwa kwa watu wenye mato mabovu kama yangu na waume wenye haraka." Kisha akauliza, "Mwafumua kwa kitu gani?"

"Kisu," nikasema.

"Kisu!" akasema Bi Hawa. Akaingiza mkono mfukoni akatoa sindano ya kofia.

Sindano ya kofia ni nyembamba, imara, na butu kidogo nchani kwa sababu ya kutumika. Inaingia chini ya pini bila kugusa karatasi. Nilikuwa nimepita mbele ya wanawake wenye sindano hizi kila siku ya maisha yangu. Bi Hawa aliita wengine watatu kwa simu, wakaja na zao. Kadzo akapewa moja.

Rukia naye akadai yake. Nilitaka kumzuia. Sikumzuia. Aliketi kwenye kigoda, kitabu mapajani, uso ameuelekeza mlangoni kwenye mwanga, vidole vinatafuta wenyewe. Ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Hakuchana hata karatasi moja.

Nilivitazama vidole vile nikaelewa kwamba amekuwa akijizoeza. Kwa muda mrefu. Bila kuniambia.

Nami sikuambiwa nifanye nini, kwa hiyo nilirudi kwenye mashine. Sehemu ya pini hukubali kulishwa kwa mkono. Kila kitabu kilichofumuliwa nilikigeuza kichwa chini, nikatazama, nikatazama tena, nikakitia. Tak-tak.

Mia moja na kumi na tatu. Saba zilizochanika ziko kwenye mfuko wa kitambaa, zinangoja kuzikwa.


Jumatano, jioni

Wanaume hatukuwa na nafasi. Nilikaa chumba cha nje, peke yangu na kahawa. Wanawake walijaa ukumbini, chumba cha juu, na kwenye ngazi. Viatu vilifika mpaka njiani.

Dua ilisomwa kwanza. Halafu karatasi zikifunguliwa, mia na kitu kwa pamoja, sauti kama mvua inayoanza. Kutoka kulia.

Bi Hawa aliongoza kwa sauti yake nzito. Nilisikiliza kwa woga kila alipokaribia mwisho wa mstari. Mara ya kwanza alipofika kwenye tundu sikumsikia akisita. Wote waliingia pamoja naye. *Ya*. Mara ya pili vivyo hivyo. Kufikia ukurasa wa nne nikajua wamezigundua pini zilipopita, kwa sababu hapo hasa ndipo walipokuwa wakiinua sauti, kama watu wanaomshika mkono mtu mahali penye kijishimo.

Kuna ubeti mmoja ambao Rukia alinisomea zamani, siku alipoutunga, tukiwa tunakunja nguo:

*Kanishika kwa mkono,*
*kanionya kwa maneno:*
*herufi kama mshono,*
*ukifumuka, rejeya.*

Walipoufikia, sauti ya Bi Hawa ilikatika. Wengine wakaubeba mpaka mwisho.

Baadaye, watu walipoondoka, nilimuuliza Rukia kama aliona. Alisema hakukaa. Alipita katikati yao wakati wote, polepole, akiinama mbele ya kila mmoja, na wao hawakunyanyua nyuso kwa sababu aliwakataza. Akaninong'oneza kama mtoto mwenye siri: "Nimemuona Hawa akilia. Hata mumewe alipokufa hakulia yule."

Amewaona. Alhamdulillahi. Amewaona wote.


Alhamisi, 14 Mei

Aliingia saa mbili unusu. Alitoka saa nne kasorobo.

Kabla hajaingia alinipa pete yake niishike. Iko kidoleni mwangu, haipiti kiungo cha kwanza.

Daktari amesema imekwenda kama ilivyotarajiwa. Nilitaka kumuuliza nani aliyetarajia na alitarajia nini. Nikasema ahsante.

Sikula. Kadzo alituma ndizi na ujumbe: kanisani kwao wamemuombea.


Ijumaa, 15 Mei

Bandeji imetolewa asubuhi.

Mwanga anauona. Dirisha lilipo anajua. Mkono ukipita mbele yake anasema umepita. Vidole hawezi kuhesabu. Herufi, hapana.

Daktari anasema jicho limevimba, tungoje wiki sita. Huenda uwezo wa kuona ukarudi kidogo. Nilipomuuliza "kidogo" ni kiasi gani, alitazama karatasi zake. Nimesomesha watoto miaka mingi. Najua mtu anavyotazama karatasi akiwa hana jibu.

Nina hasira. Si kwa daktari, na kwa Mungu siithubutu. Niko na hasira tu, kama mtu aliye na njaa. Nilikwenda matbaani baada ya swala ya Ijumaa nikakuta fundi wa mashine ya kuchapa amefika. Nikamgombeza kwa kuchelewa. Hakuwa amechelewa. Kadzo akanivuta kando. "Mwalimu, nenda nyumbani kwa Bi Rukia. Hapa mimi nipo."

Nikaenda. Rukia alikuwa ameketi kitandani. Nikakaa karibu naye. Ni yeye aliyesema. Kwamba tangu mwaka juzi alikuwa akifumba jicho na kupika, akifumba na kutandika, akifumba na kupanda ngazi. Kwamba hakuniambia kwa sababu ningemfundisha namna bora ya kufanya.

Ni kweli. Ningemfundisha.


Jumapili, 17 Mei

Mvua imekatika. Asubuhi njema, upepo unaingia chumbani.

Baada ya chai Rukia alikuwa amelala chali, macho amefumba, vidole vinagonga shuka. Nilidhani ni uradi. Halafu akasema beti mbili. Mpya. Si za mamake. Zinahusu sauti za nyumba hii asubuhi: maji ya jirani, mimi ninavyokohoa kabla ya kusema, mlango wa juu. Zilikuwa nzuri. Alizisema mara moja tu, kama mtu anayejaribu viatu.

Nilisimama kutafuta kitu cha kuandikia. Nikapata risiti ya dawa, kalamu haikuwepo. Niliporudi nilikuwa nimeikumbuka ya pili, na ya kwanza imenitoka yote isipokuwa kina. Nikamwambia. Hakukasirika. Alisema ya kwanza haikuwa imekaa sawa, ataifumua.

Kisha akauliza kama hati yangu ya Kiarabu bado ni mbaya kama zamani. Nikasema ni mbaya zaidi. "Hiyo hiyo utaniandikia," akasema. "Na usinisahihishe."

Amelala sasa. Mkono wake uko nje ya shuka.

Leo, kabla hajaamka, niende madukani Ndia Kuu nikanunue daftari na kalamu ya risasi.